Meneja Aliyekuwa Mtani wa Kila Mtu

Vijana wangu wa kituo cha maziwa, mliponiaga mlinipa blanketi zito mkasema ni la kupumzikia. Nimelipumzikia. Nimelala mpaka mke wangu akaanza kuja kuniwekea kiganja puani aone kama bado napumua. Sasa nimechoka kupumzika, ukungu umefunga bonde lote, na nyinyi mliniomba niwaachie maneno mawili matatu ya kazi. Msitegemee mawili matatu. Mnanijua.

Mambo ya laktomita, ya spiriti na ya kusugua keni mnayajua, na mengine yamebandikwa ukutani. Vyeo sitagusa, maana cheo changu kikubwa kilikuwa kukaa na ufunguo wa stoo. Nitakachowaandikia hakijabandikwa popote: namna ya kumtambua bosi ambaye ukibisha hodi ndani yake hakuna anayeitika. Mtaalamu mmoja redioni aliwaita watu wa namna hiyo sosiopathi. Dereva wetu Komba alidhani ni kipuri cha trekta. Kwa nilivyoelewa mimi, ni mtu anayejua vizuri sana wewe unaumia wapi, ila kuumia kwako hakumgusi hata kidogo. Nilifanya kazi chini ya mmoja. Nikavicheka vichekesho vyake, nikamshangilia, nikampigia debe kijiji kizima. Kwa hiyo nawaandikia kama bingwa wa kutotambua.

Nilianza kazi nikiwa msomi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni. Mchana nalima karoti za watu, jioni nasinzia kwenye aljebra. Hisabati karibu yote niliisikia ndotoni. Lakini cheti ni cheti, na asubuhi ya kwanza nilipanda njia ya Kwai nimevaa tai, nimejipulizia marashi ya rafiki yangu fundi cherehani kiasi kwamba nyuki walinisindikiza. Baridi ilikuwa ya kugandisha salamu mdomoni.

Pale kwenye dirisha la kupokelea maziwa nilimkuta Mama Zaina, mpimaji mkuu: mfupi, kofia ya sufu, sweta juu ya sweta, buti za mpira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpimaji mpya?"

"Ndiye mimi. Nina cheti."

"Mimi nasikia harufu ya harusi tu. Nenda mtoni ukaoge."

"Mtoni? Na baridi hii, mama?"

"Maziwa tunaanza kuyapima kwa pua, mwanangu. Ukinuka wewe, tutajuaje keni ipi inanuka?"

Nikaenda. Nawaapia, samaki wa mto ule walinihurumia. Niliporudi natetemeka mpaka tai inacheza, alinipa kikombe cha uji, kisha akafungua keni ya kwanza, akaniinamisha kichwa na kuniambia nivute pumzi polepole. Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza, na safari hii nilikuwa macho.

Mama Zaina alikuwa mkali. Niseme mapema, kwa sababu vijana wa siku hizi kila bosi akipandisha sauti mnasema ana roho mbaya. Yeye alinifokea kwa sababu ya kucha, kwa sababu ya kitambaa cha kuchujia, kwa sababu ya kupiga miluzi juu ya tangi lililo wazi. Lakini ukali wake ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa mtu. Kuna mfugaji mmoja alileta maziwa mepesi, laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, ikazama kama jiwe, na juu yake pakawa panaogelea kiluwiluwi. Nikiongeza chumvi nitasema alikuwa chura mzima, ila leo nimeapa kupunguza.

Mimi nilikwisha kufungua mdomo nitangazie foleni yote. Mama Zaina akanikanyaga kwa buti lake, akamwita yule mzee pembeni, nyuma ya keni tupu.

"Mzee wangu, ng'ombe wako anakunywa maji wapi?"

"Kwenye chemchemi, mwanangu."

"Basi mwambie akinywa asivushe na wenyeji wa humo."

Mzee akacheka kwa aibu, akabeba maziwa yake akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuwahi kuleta tone la maji. Foleni haikujua kitu. Nilimuuliza Mama Zaina kwa nini hakumwaibisha, wakati alikuwa mwizi waziwazi. Akasema: "Kesho nitamhitaji. Na yeye kesho atahitaji kupita hapa na uso wake." Nilidhani ni upole wa kizee. Nilichelewa sana kuelewa kwamba hicho kilikuwa kipimo, na kwamba kipo kwa mabosi pia.

Mameneja walikuja na kuondoka. Mmoja alikuwa mlevi, mmoja mvivu, mmoja alisali sana na kusaini kidogo. Wote hao walikuwa watu tu, na kasoro zao ungeweza kuzizoea kama unavyozoea ngazi mbovu nyumbani kwako. Kisha akaja Meneja Edgar.

Ah, Edgar! Siku ya kwanza alishuka kwenye gari, akanyoosha mikono miwili, akaita, "Mgosi!" kwa Kisambaa chetu, yaani mwanamume, kama amenikosa tangu tuzaliwe. Akaniuliza jina, akaniuliza kabila. Nikamwambia mimi ni Msambaa wa hapa hapa, Hoza mwana wa Hoza. Akapiga makofi. "Basi wewe ni mali yangu! Mimi ni Mzigua wa Handeni. Mtani wangu huyu, nitamuuza nimle na hela yake!"

Nyinyi vijana utani mmeukuta umebaki wa mpira. Kwetu utani wa kabila na kabila ulikuwa jambo zito. Mzigua anaweza kuniita bure kabisa mbele ya wakwe zangu, na mimi nikinuna ndiye nitakayeonekana sina adabu. Kwa hiyo Edgar alipotamka neno hilo, alikuwa amejipatia leseni, na mimi ndiye niliyempigia muhuri. Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikamwambia mke wangu, Mwanahawa, kwamba meneja mpya ni ndugu kabisa. Kufika Ijumaa nilikuwa nimeshasema msikitini kwamba babu zetu waliwinda pamoja.

Utani wake ulianza kwa mambo madogo. Aliniita Profesa wa Jioni, akisema akili zangu zinaamka jua likizama. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, nadhani Bumbuli walinisikia. Kisha akahamia kwa Komba, aliyekuwa na mtoto mwenye kifafa. Edgar akawa anaiga anavyoanguka yule mtoto. Watu wakatazama chini. Komba akatabasamu kwa meno ya mbele tu. Mimi, kilaza wenu, nikamwambia Komba baadaye, "Usijali kaka, ndivyo watani walivyo." Komba akajibu, "Najua. Na mimi ni mtani wake." Sikumuuliza kivipi. Ningemuuliza siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi na mngekuwa mmeshakwenda kunywa chai.

Siku moja nikaona na mimi nitumie haki yangu. Edgar alikuja amevaa viatu vyeupe, kwenye matope yetu haya. Nikamwambia mbele ya watu, "Mtani, hivyo viatu vya ubatizo utavirudisha lini kanisani?" Watu wakaangua kicheko. Edgar naye akacheka, meno yote nje. Ila macho, jamani! Macho hayakuwamo kwenye kicheko kile. Wiki iliyofuata nikapangiwa kusafisha mtaro wa maji machafu peke yangu, wiki baada ya wiki, na kila akipita ananishika bega: "Mgosi, nakuamini sana, ndiyo maana nimekupa wewe."

Nilimsimulia Mwanahawa kama heshima. Alikuwa anamenya viazi. Akasimamisha kisu.

"Yeye akikucheka ni utani?"

"Ndiyo."

"Wewe ukimcheka unapewa fagio?"

"Si fagio, ni koleo."

"Hoza mume wangu, hiyo shule ya jioni walikufundisha taa zikiwa zimezimwa?"

Lingine ambalo ningepaswa kuliona mapema ni shikamoo yake. Kwenye mkutano, wageni wakiwapo, Edgar alikuwa akimwinamia Mama Zaina mpaka tai inagusa sakafu: "Shikamoo mama yetu, nguzo ya kituo!" Wafugaji wanaguna kwa kuridhika. Lakini wakiwa stoo, yeye na Mama Zaina na mimi nimejificha nyuma ya magunia ya pumba nakula ndizi, nilimsikia akisema, "We bibi, sogea." Basi. Si kwa hasira. Alivyosema ni kama mtu anayesogeza stuli. Mama Zaina alisogea. Nilimaliza ndizi yangu nikifikiri labda ana haraka. Nilikuwa na kipaji kikubwa cha kumtafutia sababu.

Sasa nije kwenye lile lililotufikisha pabaya. Kigogo mmoja wa mjini alikuwa anaoza binti yake, na Edgar alitaka sana kujuana na kigogo yule. Jumamosi mchana akamtuma mlinzi dukani, akaniita mimi. "Mtani, nisaidie kuweka jenereta la kituo kwenye gari langu, tunalipeleka kufanyiwa matengenezo." Tukaliteremsha kwa ubao, tukalisukuma, tukalipakia, naye akafunga banda lake akaondoka na ufunguo. Mgongo wangu ukalia krr kama mlango wa msikiti wa zamani. Nilimuuliza, "Na umeme ukikatika?" Akanipiga mgongo pale pale panapouma. "Mgosi, umeme nao ni mtani wangu, hautakatika."

Ulikatika. Jumapili tangi lilikuwa limejaa, sisi tuko majumbani na mlinzi kapewa ruhusa na Edgar ya kwenda kwao, umeme ukaenda na haukurudi mpaka Jumatatu. Muziki wa harusi ulisikika mpaka ng'ambo ya pili, taa zikimeta kule chini mjini palipokuwa na giza pote, na mimi niliyelipakia nikaelewa kwamba jenereta letu ndilo lililokuwa likicheza ngoma. Maziwa ya vijiji vyote vya juu yalichachuka ndani ya tangi. Tuliyamwaga kwenye mtaro ule ule niliokuwa nikiusafisha. Mbwa wa kata nzima walikuja. Wengine naapa walitoka Vuga. Wafugaji walisimama kwenye mvua wakiangalia.

Edgar alilia. Alimkumbatia bibi mmoja, akalia begani kwake. Kisha akafuta macho, akapanda kwenye keni iliyogeuzwa chini juu, akasema jenereta lilikuwepo na liliwashwa, tangi lilipoa vizuri, ila Mama Zaina kwa uzee wake alipokea keni iliyooza ikaharibu maziwa yote. "Inaniuma," alisema, "kwa sababu huyu ni mama yangu." Mkutano wa wanachama ukaitishwa uamue kama ataondolewa.

Mama Zaina alikuwa amesimama dirishani na kitambaa chake cha kuchujia mkononi. Fikirini. Mjane anayelea wajukuu, maisha yake yote amesimama pale, hakuna mama mlimani ambaye hajawahi kumkabidhi keni. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Na sasa atatolewa mbele ya watu hao hao kwa jina la mchafu, na jina la namna hiyo kwetu halikuachi njiani, linakwenda na wewe sokoni, msibani, mpaka kwa wachumba wa wajukuu zako. Jenereta lilikuwa limesharudishwa bandani usiku, kwa hiyo ni mtu mmoja tu aliyejua lilikuwa wapi Jumapili, ukimwacha Edgar. Naye alikuwa ni Profesa wa Jioni.

Edgar aliniita ofisini, akanifungia mlango kwa upole. "Mtani. Jenereta lilikuwepo, sivyo?" Nikacheka, nikidhani ndio utani wenyewe. Akacheka na yeye. Akasema Mama Zaina akiondoka, dirisha lile litahitaji mpimaji mkuu mwenye cheti. Nikaendelea kucheka kwa sababu mdomo ulikuwa haujapata maelekezo mengine. Nilitoka mle sijasema ndiyo, sijasema hapana. Niliporudi dirishani, Mama Zaina akanisogezea laktomita nipime, kama siku zote. Hakuniuliza kitu. Nilitamani aniulize.

Kabla ya mkutano, baba yangu akafariki. Mzee Hoza alikuwa na umri mkubwa na koti moja la kijani alilolivaa kiangazi na masika. Tukazika. Wakati wa matanga akaingia Bibi Mwanaidi, Mzigua wa kweli wa Handeni aliyeolewa kijijini kwetu, mfugaji na mwanachama wa ushirika. Tangu alfajiri alikuwa ametuchotea maji na kutupikia, na sasa akatokea amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kwa kuburuza mguu kama yeye. "Nani amechukua jembe langu? Sikopeshi! Hata nikifa sikopeshi!" Ni baba mtupu. Shangazi zangu waliokuwa wakilia tangu jana walianguka kwa kicheko, na mimi nilicheka nikalia, nikalia nikacheka. Hata shehe aligeukia ukutani mabega yakimtikisika.

Ndipo Edgar akaingia, suti nyeusi, uso umeandaliwa vizuri. Bibi Mwanaidi alikuwa amesikia sifa zake kutoka kwangu. Akamrukia. "Mzigua mwenzangu! Umechelewa! Shika ndoo, hawa Wasambaa wametuulia mtu kwa viazi!"

Edgar akarudi nyuma. Akamtazama yule bibi kuanzia kofia mpaka miguu, akaniinamia sikioni: "Huyu mwanamke ana kichaa?"

Nilimwambia, "Ni mtani."

"Mtani wa nini?"

Hakujua. Mtu aliyenifanyia utani asubuhi na jioni hakujua utani ni nini. Alichukua lile tusi akaacha ile ndoo ya maji. Komba, aliyekuwa amekaa karibu yangu kwenye mkeka, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani huyu ni Mzigua? Mimi aliniambia ni Mnyamwezi wa Tabora, ndiyo maana akawa mtani wetu Wangoni." Tukatazamana. Kila mmoja wetu alikuwa ametunza undugu wake na meneja kama yai, asimwonyeshe mwenzake.

Edgar akanivuta uani, mikono miwili mabegani kwangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, makubwa, ya kupendeza. "Pole mgosi. Mzee alikuwa mzee wetu sote." Mimi nami nikaanza upya. Kisha, machozi bado yako shavuni, sauti yake ikabadilika, ikawa kavu kama mtu anayeagiza sabuni: "Mkutano ni Jumatano. Utasema jenereta lilikuwepo. Sawa?" Nikamtazama machoni nikitafuta alipokwenda yule aliyekuwa analia. Hakuwa ameenda popote. Hakuwahi kuwamo.

Mnajua maziwa yaliyochachuka yanapomwagiwa spiriti, yanavyokatika ghafla mbele ya macho yako? Undugu wangu na Edgar ulikatika hivyo.

Jumatano tulikutana darasani shule ya msingi, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti masikioni. Mama Zaina alikaa mbele, mikono mapajani. Edgar akaeleza habari yake vizuri mpaka mimi mwenyewe nilianza kuamini. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama na dawati lote, kwa kuwa lilikuwa limenibana.

"Jenereta halikuwepo," nikasema. "Lilikuwa harusini. Nililipakia mimi."

Darasa zima likacheka.

Msiwalaumu. Mimi ndiye niliyewaambia watu hao hao kwamba nilimwona chui akimkamua mbuzi. Ndiye niliyesema barafu ya mwaka fulani ilikuwa nene mpaka tukawasha moto juu yake. Tangu ujana wangu nilikuwa nimewafundisha kwa bidii wasiniamini, na walikuwa wamefaulu. Nikasema tena, nikaongeza kwamba mgongo unaniuma mpaka leo, na wakacheka zaidi. Nikajaribu kusema bila mbwembwe; niligundua sijui inavyofanywa. Maneno matupu yalikuwa yananitoka kama yamekosa nguo.

Edgar alikuja akanikumbatia. "Mtani wangu huyu! Mnamjua. Ana msiba, tumwache apumzike." Watu wakaguna kwa huruma. Nilimwona Mama Zaina akitazama sakafu, nikajua tumekwisha.

Kule nyuma Bibi Mwanaidi akainuka, mkono kiunoni.

"Mwenyekiti, mimi sina habari ya jenereta. Namuuliza Mzigua mwenzangu swali moja. Juzi msibani ulikataa ndoo. Nikasema labda amesahau mila. Kwenu Handeni ni wapi?"

Edgar akacheka. "Bibi, tuko kwenye mambo ya maana."

"Na haya ni ya maana. Kijiji gani?"

Komba akainuka bila kuomba ruhusa. "Mimi aliniambia ni Mnyamwezi."

Karani wa ushirika, Mchaga wa Rombo, mtu asiyewahi kusema kitu mkutanoni, akaweka kalamu chini. "Kwangu alisema ni Mpare wa Same. Tumetaniana mwaka mzima."

Darasa halikucheka tena. Mwenyekiti alivua miwani. Kwetu mtu unaweza kumsamehe mengi, lakini ukimpa binti, shamba au maziwa yako, unataka kwanza kujua anatoka wapi. Akauliza kwa upole kabisa: "Meneja, kwani wewe kwenu ni wapi?"

Hakuna swali rahisi kuliko hilo. Mtoto wa chekechea analijibu. Ila Edgar angejibu lolote, kuna mtu mle ndani angejua amedanganywa, na kwa mara ya kwanza hakuweza kumvuta kila mmoja wetu uani peke yake. Alitutazama mmoja mmoja. Uso ulijaribu tabasamu, ukajaribu machozi, kisha ukaacha kujaribu. Kilichobaki kilikuwa uso tu, hauna chuki wala aibu, kama dirisha la nyumba isiyokaliwa. Watu wote waliuona. Bibi aliyewahi kuliliwa begani akavuta kanga yake akajifunika.

Mwenyekiti akanigeukia. "Hoza. Rudia ulichosema. Polepole."

Nikarudia. Safari hii waliandika.

Mama Zaina akabaki dirishani mpaka siku zake zilipotimia, akaagwa kwa ngoma na mbuzi. Edgar hakufungwa, wala hakupigwa na radi kama nilivyoeneza baadaye. Aliomba uhamisho, akapata kazi mahali pakubwa zaidi, nasikia wanampenda. Kwao ni wapi sijui hadi leo, na wala si kabila lililokuwa na kasoro. Nawaambia haya msije mkangoja mwisho wa haki ndipo mjue mlikuwa na nani. Mwangalieni anapotaniwa anafanyaje. Mwangalieni anamwamkia nani pasipo na watu. Na mkiona kila mmoja wenu ni kipenzi chake cha pekee, kaeni mnywe chai pamoja, mlinganishe.

Asubuhi aliyoondoka alisimamisha gari mbele ya dirisha letu. Nilidhani amekuja kunitukana, nikashika keni tupu kwa kujihami. Akashusha kioo, anang'aa, mcheshi kama siku ya kwanza.

"Mgosi wangu! Tumefanya kazi nzuri, eti? Haya, mimi ndiyo naondoka. Mzee hajambo nyumbani?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Hakuwa ananikomoa. Alikuwa amesahau tu.

"Nisalimie mzee wako," akasema.

Na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikainama kidogo nikajibu, "Zimefika."

Gari likateremka likaingia kwenye ukungu. Mama Zaina, aliyekuwa amesikia yote, akaja akasimama karibu yangu, akanitoa ile keni mkononi.

"Baba yako amepokea salamu hizo?"

"Bado, mama. Nitampelekea siku yangu ikifika."

"Usimpelekee," akasema. "Mzee wa watu amepumzika."

Kisha akafungua keni ya kwanza ya siku ile, na tukainama kunusa.